Gari Lililoruka Kitale Likafia Bungoma

Gari lile lile. Injini ile ile. Dereva yule yule.

Kitale linaruka mpaka watu wanatoka kwenye maduka kuangalia. Bungoma linazimika katikati ya barabara, moshi unatoka kwenye boneti.

Watu walisema nimerogwa. Na mimi, niliyejiita fundi wa mafundi, nilikaribia kuamini.

Mpaka leo nina pistoni moja sebuleni, karibu na picha ya harusi. Ina tundu katikati, kidole gumba kinapita. Mke wangu huipangusa vumbi kila Jumamosi. Wageni wakimuuliza, anacheka kwanza, halafu anasema, "Hiyo muulize mwenyewe."

Basi leo nimeamua kusimulia kabla hamjaniuliza.

Naitwa Zachary, mtoto wa Mzee Ngari wa Kiminini. Nyumbani waliniita Zakaria, mjini Zaka. Mwaka huo wa 1989 nilikuwa na miaka ishirini na nne, na garage yangu ilikuwa mabati manne na mti wa mkaratusi nyuma ya stage ya matatu ya Kitale. Uwanja tulikuwa tunashiriki na jamaa anaitwa Wabwile, mtu wa Bungoma, fundi wa kuchomelea, roho safi, mdomo haufungi, na kila r kwake ni l.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi. Kwake yeye, kijana anayelala chini ya magari ya watu wengine alikuwa amepotea. Kila nikienda nyumbani aliniangalia kucha, anaona grisi, anatikisa kichwa.

Jumapili moja mwezi wa nane, baada ya kanisa, tukiwa mezani, aliniambia tena nirudi shambani. Nilikuwa nimechoka na hiyo hadithi. Nikafungua mdomo.

"Baba, kutoka Kitale mpaka Bungoma hakuna fundi wa kunishinda."

Baba akaweka kikombe chini polepole.

"Hata Wakhungu?"

Hapo alinibana.

Wakhungu alikuwa na garage Bungoma. Kila mwaka, siku inayofuata Krismasi, mafundi walikuwa wanashindana kupanda kilima fulani nje ya mji ule, barabara ya murram, changarawe tupu, gari moja moja, mtu anapimwa kwa saa. Sheria ilikuwa moja tu: unaendesha gari ulilojenga kwa mikono yako. Wakhungu alikuwa ameshinda miaka mitatu mfululizo. Mtu wa Kitale hajawahi kushinda hata siku moja.

"Hata yeye," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilitoka.

"Sawa," Baba akasema. "Ile Datsun yangu iliyokufa injini, chukua. Ijenge. Ukimshinda Wakhungu, sitakuita shambani tena maisha yangu yote. Ukishindwa, mvua ya mwezi wa tatu ikukute hapa, na hizo spana zako tunazitundika kwa stoo."

Mama akasema, "Ngari, huyu ni mtoto."

"Mtoto ndiye ameanza," Baba akasema, akachukua kikombe chake.

Nikakubali. Ningefanya nini? Lakini nawaambia ukweli, usiku huo sikula vizuri. Kazi ya magari ilikuwa kitu pekee nilichokipenda duniani, na nilikuwa nimeiweka mezani kwa sababu ya mdomo.

Sasa tuingie kwenye vyuma.

Datsun ile ilikuwa ya injini ya cc elfu moja na mia sita. Kwa kilima kile, hiyo ni kwenda kusalimia watu tu. Nilitaka injini kubwa zaidi, na juu yake niweke turbo. Kwa wale wasiojua, turbo ni kifeni kinachozungushwa na moshi wa eksozi. Kinasukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Hewa nyingi, moto mwingi, gari linakimbia.

Bloki ya injini tulipata haraka. Wabwile alisikia kuna pikapu imepinduka kule Naitiri, injini yake elfu mbili, mwenyewe hataki tena kuiona. Tukaenda tukaileta. Nikapeleka silinda zikachongwa kwa mashine zipanuke kidogo, ikavuka elfu mbili.

"Hii gali itapaa," Wabwile akasema. "Tutafute lubani kabisa."

Vipuri vingine vilikuwa kwenye duka moja karibu na soko, na hapo ndipo nilipokutana na kizuizi kinachoitwa Jerono.

Jerono alikuwa anauza kaunta. Msichana mrefu, penseli sikioni, hacheki na mteja. Alikuwa anajua kila boliti iliyo kwenye rafu zile. Mafundi wengi walimwogopa, na mimi nilikuwa mmoja wao, ila nilikuwa najikaza.

"Niaje Jerono. Nataka pistoni za elfu mbili, oversize, zile kubwa kidogo."

"Flat, za kichwa bapa, ama za bakuli?"

"Flat. Nataka nguvu."

Akaniangalia. "Nimesikia unaweka turbo."

"Nani amekwambia?"

"Wabwile ameambia soko lote. Zaka, turbo inasukuma hewa mingi. Ukiweka pistoni flat, hiyo hewa itafinywa mpaka ilipuke yenyewe. Chukua za bakuli, hewa ipate mahali pa kukaa."

Nilijua ni kweli. Nilikuwa nimesoma mahali nikasahau. Lakini mwanaume wa miaka ishirini na nne hakubali hivi hivi.

"Nilikuwa nakujaribu," nikasema.

"Ati kunijaribu," akasema, akaleta za bakuli.

Wiki iliyofuata nikarudi kifua mbele. Nilikuwa nimepata turbo kwenye shamba moja la ngano, imetolewa kwa combine harvester iliyokufa. Kubwa, nzito, ukiishika unajiona umefika.

Jerono akaizungusha kwa kidole.

"Hii ni ya kuvuna ngano."

"Ndiyo."

"Na hiyo Datsun itavuna nini?"

Watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nilitamani sakafu inimeze.

"Zaka, sikiza," akasema, sasa kwa upole kidogo. "Hii ni kubwa sana. Mpaka ipate moshi wa kuizungusha, utakuwa umefika juu ya kilima na wewe unangoja tu. Tafuta ndogo. Kuna Pajero ya dizeli imepata ajali, iko uwanja wa nyuma kwa yule wa magari mabovu. Turbo yake ni saizi yako."

Nikaenda. Ikawa kweli. Nikarudisha ile ya ngano shambani kimya kimya.

Tukaendelea hivyo miezi mitatu. Gasketi ya kichwa cha injini, Wabwile aliikata kwa mkono kutoka kwenye bati la shaba, kwa sababu ile ya kawaida ingepasuka. Beringi mpya. Pampu ya mafuta mpya. Akiba yangu yote ya miaka miwili ikaingia mle ndani, na sikujuta.

Ikabaki kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa. Ile ya Datsun ilikuwa ndogo, isingeweza kulisha injini hiyo. Jerono akasema hana kubwa ya kutosha, labda niagize Nairobi, na wakati haukuwepo.

Hapo nikakumbuka lori.

Nyuma ya stoo ya mahindi, nyumbani, kulikuwa na Bedford ya petroli ya Baba. Kabla hajanunua shamba alikuwa dereva. Miaka kumi na miwili alipeleka mahindi kutoka Kitale mpaka kwenye reli Bungoma, kwa lori hilo hilo. Sasa lilikuwa makazi ya kuku.

Nikangoja siku Baba ameenda mkutano wa ushirika. Nikafukuza kuku, nikafungua kabureta, nikaondoka nayo kwenye gunia.

Sikumuuliza. Nitasema nini? Kwetu mtoto haulizi baba yake habari za kazi zake za zamani. Na mimi nilikuwa nimemkasirikia. Nilijiambia yeye ni mkulima, mambo ya injini atayajua wapi?

Nilipoisafisha nikaona kwenye jeti kuna herufi K imekwaruzwa na msumari. Jeti ni kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu, petroli inapita hapo. Tundu likiwa kubwa, petroli nyingi. Likiwa dogo, kidogo. Hiyo K nikadhani ni alama ya mtu aliyeitengeneza zamani. Nikairudisha ndani.

Wiki ya kwanza ya Desemba, tukawasha.

Jamani.

Nilitoka nayo barabara ya Kapenguria, asubuhi, baridi ya Kitale ile mnayoijua. Gia ya pili, turbo ikaanza kupiga filimbi. Gia ya tatu, kofia ya Wabwile ikapaa dirishani na hatukuiona tena. Tuliporudi nikatoa plagi nikaangalia. Rangi ya biskuti, safi, hakuna masizi. Plagi ikiwa hivyo ujue injini inakula inavyotakiwa.

"Wakhungu amekwisha," Wabwile akasema, kichwa wazi, machozi ya upepo machoni.

Siku hiyo pikapu moja ya Bungoma ikapita stage ikitoa moshi mweusi. Sisi watu wa Kitale tulikuwa na mchezo wetu: gari likija limetoka Bungoma linatoa moshi, tunapiga makofi. "Karibuni mlimani! Huko kwenu hamna mafundi?" Wabwile mwenyewe pikapu yake ilikuwa hivyo hivyo kila akitoka nyumbani. Tulimcheka miaka.

Wekeni hapo hilo la moshi. Tutalirudia.

Siku kumi kabla ya shindano nikaamua kupeleka gari Bungoma nikafahamiane na kilima. Wabwile akanifuata na pikapu yake. Kiminini tukapita nikipiga honi, Baba alikuwa kwenye geti, hakupunga mkono. Tukateremka mpaka Webuye. Gari linaimba.

Tukaipita Webuye, barabara ikanyooka. Nikakanyaga.

Kwanza nikasikia sauti kama kokoto kwenye sufuria. Krr-krr-krr. Nikasema labda ni mawe ya barabara. Nikakanyaga zaidi.

PAA!

Boneti ikajaa moshi. Injini ikazima. Gari likaserereka likasimama karibu na mama mmoja anayeuza miwa, akainuka akakimbia akaacha miwa yake.

Wabwile akafika. Tukafungua boneti.

"Zaka, asubuhi ilikuwa nzuli?"

"Nzuri kabisa."

"Na hakuna kitu umegusa?"

"Hakuna."

Akatazama nyuma, akatazama mbele, kisha akashusha sauti. "Lafiki yangu, Wakhungu amekufanyia kitu."

Yule mama wa miwa alikuwa amerudi. Akasema hata yeye anaona hivyo, kwa sababu gari la shemeji yake pia lilizimika karibu na hapo.

Pikapu ya Wabwile ikanivuta mpaka Kitale. Kuanzia Kiminini ilikuwa inatoa moshi mweusi hadi sioni barabara. Nilipita geti la Baba nikiwa nimevutwa na kamba, uso umejaa masizi. Hapo alipunga mkono. Kidogo tu.

Niliumia, sitaficha. Nilikaa chini ya ule mkaratusi nikawaza mvua ya mwezi wa tatu na spana zangu zimetundikwa kwenye msumari.

Kesho yake nikafungua injini. Pistoni ya tatu, tundu. Imeyeyuka katikati kama mshumaa. Wabwile akasema nimwite mchungaji aombee gari. Mtu mwingine akasema petroli ya Bungoma imechanganywa maji. Mwingine akasema ni vile niliacha kutoa kabureta kwa heshima, nikaiiba kwa lori la mzee. Huyo alikuwa karibu kuliko wote, ila hatukujua.

Nikapeleka pistoni dukani. Nilikuwa na hasira nikitafuta mtu wa kulaumu.

"Pistoni zako za bakuli hizi hapa," nikamwambia Jerono, nikaiweka kaunta kwa kishindo.

Hakukasirika. Akaiinua akaangalia mwanga kupitia kwenye tundu. Akapitisha kidole kwenye kingo zake.

"Hii imekufa njaa," akasema.

"Njaa gani?"

"Ya petroli. Ilikuwa na hewa mingi, petroli kidogo. Moto ukawa mkali sana ikayeyuka. Kabureta yako haikuwa inailisha."

"Kitale plagi zilikuwa rangi ya biskuti! Nimeziona kwa macho yangu!"

"Kitale," akasema.

Akairudisha pistoni kaunta.

"Zaka, mimi nimeuza hapa miaka minne. Unajua watu wa Kitale wananunua jeti gani? Ndogo. Na wale wanatoka Bungoma kuja kununua? Kubwa. Gari moja, modeli moja. Nilikuwa nashangaa sana zamani. Halafu nikaelewa. Huku tuko juu, hewa ni nyepesi, petroli kidogo inatosha. Bungoma ni chini, hewa ni nzito. Ukienda huko na jeti ya Kitale, gari inalala njaa. Ya kawaida itavumilia tu. Yako iko na turbo inasukuma hiyo hewa nzito yote ndani."

Nikakumbuka zile pikapu za stage.

"Na ndiyo maana za Bungoma zikija huku zinatoa moshi," nikasema polepole.

"Zimeshiba sana. Na nyinyi mnapiga makofi."

Miaka yote hiyo! Tulicheka watu wa Bungoma na jibu lilikuwa linapita mbele yetu likitoa moshi. Aibu niliyosikia siku hiyo sikuwahi kuisikia tena.

"Basi niuzie jeti kubwa."

"Ya kabureta ya Bedford ya zamani hivyo? Hakuna. Hata Nairobi sijui. Na kutoboa tundu kwa mkono usijaribu, utaliharibu." Akachukua penseli yake sikioni. "Chukua pistoni nyingine na gasketi, funga injini. Hiyo jeti niachie mimi."

Nikafunga injini. Siku zinapita. Ishirini Desemba. Ishirini na moja. Kila nikipita dukani Jerono anasema, "Bado." Ishirini na mbili nikakuta duka halina mtu kwenye kaunta, mwenye duka akasema ameomba ruhusa. Nikajua basi, mchezo umekwisha.

Ishirini na tatu akaja mwenyewe garage. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu. Akanipa kimkebe kidogo cha mafuta ya kujipaka, kina kutu pembeni. Ndani kulikuwa na pamba, na ndani ya pamba jeti ya shaba. Tundu lake lilikuwa kubwa kidogo kuliko la ile yangu. Ilikuwa na herufi imekwaruzwa na msumari: B.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa mteja."

"Mteja gani?"

"Zaka, unataka jeti ama unataka stori?"

Nilitaka jeti. Nikaifunga siku hiyo hiyo.

Siku ya shindano tuliondoka asubuhi. Jerono alikuja na Wabwile kwenye pikapu. Baba nilimkuta getini, nikamuuliza kama atakuja.

"Siendi kuangalia watu wakifukuzana na vumbi," akasema.

Nilivumilia mwendo wa taratibu mpaka Bungoma, gari likikohoa moshi mweusi njia nzima ya kule juu. Pale chini ya kilima nikawasha tena, likatulia. Nikaweka bisibisi kwenye bloki, mpini sikioni, nikasikiliza. Laini.

Wakhungu alikuwa jamaa mnene, mcheshi, tofauti kabisa na mchawi niliyemwazia. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Kijana wa Kitale, kalibu. Nasikia ilikufa hapo njiani?"

"Ilikufa njaa," nikasema. Akacheka, na nikaona ameelewa kabisa. Yeye alijua siku zote!

Akapanda kabla yangu. Dakika moja na sekunde arobaini na nane. Watu wakapiga kelele.

Zamu yangu. Nikafunga mkanda, nikatia gia ya kwanza.

Bendera ikashuka.

Kona ya kwanza, sawa. Ya pili gari likateleza matako, nikalirudisha. Pale kwenye kipande kilichonyooka nikakumbuka zile kokoto za sufuria. Mguu ukakataa kukanyaga. Nasema kweli, mguu wangu mwenyewe ulikataa.

Nikajiambia: Zaka, ni hapa ama ni jembe.

Nikakanyaga.

Turbo ikapiga filimbi. Hakuna kokoto. Hakuna kitu, ni sauti moja tu inayopanda, na kilima kinakuja, na watu wanaruka mitaroni, na mimi nalia na kucheka ndani ya gari peke yangu.

Dakika moja na sekunde arobaini na sita.

Wabwile alinibeba. Wakhungu alikuja akanipa kombe mwenyewe, akaninong'oneza, "Miaka mitatu nyinyi wa huko juu mnakuja na njaa. Leo nani amekulisha?"

Nikamwangalia Jerono. Alikuwa anacheka. Mara ya kwanza naona meno yake yote.

Wakati wa kurudi alipanda gari langu. Furaha ilikuwa nyingi hata sikukumbuka kitu kingine. Tulipokaribia Kiminini, gari likaanza kukohoa. Moshi mweusi, mzito, nyuma hakuonekani kitu. Watoto na wazee wakatoka kando ya barabara wakapiga makofi.

"Karibuni mlimani! Huko kwenu hamna mafundi?"

Mimi! Nikipigiwa makofi na majirani zangu!

Baba alikuwa getini. Ameshika jembe mkononi, na lingine ameliegemeza kwenye uzio. Moyo ukashuka. Nikasimamisha gari, likatoa wingu moja la mwisho likamfunika mwili mzima, mpaka kofia.

Moshi ulipoisha alikuwa bado amesimama pale pale. Hakuuliza kama nimeshinda. Hakuangalia kombe lililokuwa kwenye mapaja ya Jerono.

Alisema, "Umesahau kurudisha ile ya K."

Nikatoa kichwa dirishani.

"Nini, Baba?"

"Jeti. Ile ya B unaitoa hukohuko Bungoma ukimaliza kazi, unafunga ya K, ndiyo unapanda. Vinginevyo inakunywa petroli bure na kuchafua watu." Akapangusa masizi usoni. "Miaka kumi na miwili nimefanya hivyo pale kwenye reli, wakishusha mahindi. Madereva wengine walikuwa wanacheka. Halafu tukipanda mimi nawapita."

K ni Kitale. B ni Bungoma. Ile kabureta nilikuwa nimeitoa kwenye lori lililoegeshwa nyumbani, na jeti ya nyumbani ndani yake.

Kisha akainama dirishani upande wa pili, sauti ikabadilika kabisa.

"Jerono, mama, umefika salama? Shuka, shuka. Mama Zakaria ameweka chai."

"Asante, Baba. Tumefika."

Nikatazama huyu, nikatazama yule. "Nyinyi mnajuana?"

"Alikuja hapa kwa miguu kutoka stage, siku ya jua kali," Baba akasema. "Aliniuliza, Mzee, hii lori ulikuwa unaiendesha vipi? Tukakaa pale kwenye kivuli saa mbili. Nikamwambia yote, nikampa na ile ya B. Nilimwambia asikuambie."

"Kwa nini, Baba? Si ulitaka nishindwe?"

Alipojibu hakuwa anacheka.

"Nilitaka ukishindwa ushindwe kwa mkono wako. Sio kwa sababu ya hewa." Akaangalia kule nyuma ya stoo. "Ulifungua lori langu siku sipo, Zakaria. Kabureta si kitu, hata lori lote ningekupa. Lakini miaka kumi na miwili nimeendesha barabara hiyo, na kila siku uko na injini mikononi. Hata siku moja hujaniuliza."

Hapo machozi yalinitoka. Sikuyaficha. Nilikuwa na fundi wa barabara ile nyumbani kwangu, tunakula meza moja, nikamwona mkulima tu.

"Pole, Baba."

"Tumeshinda kwa sekunde ngapi?"

Alisema *tumeshinda*. Mpaka leo nasikia.

"Mbili."

"Mbili zinatosha." Akanipa lile jembe lililokuwa mkononi mwake. "Shambani sitakuita tena, neno langu ni neno. Lakini hili mpini umelegea. Wewe si fundi? Tengeneza kabla ya chai."

Jerono akacheka hadi akashika uzio.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwaka wa 1991 nilimwoa huyo Jerono, na Baba ndiye aliyesema maneno mengi siku ya kwenda kwao, kuliko hata mimi. Baba alikuja garage kila Ijumaa mpaka alipozeeka, anakaa kwenye kiti chake chini ya mkaratusi, anasikiliza injini za watu akiwa amefumba macho. Sikufunga kichwa cha injini hata kimoja bila kumuuliza.

Somo langu kwenu, hasa nyinyi vijana mnaojenga magari siku hizi na kununua vipuri kwenye simu: turbo chagua, pistoni chagua, hiyo ni sehemu rahisi. Kabla hujafunga chuma kilichotumika, tafuta aliyekitumia, umuulize alikitumia wapi na kwa nini. Na akiwa ni baba yako, muulize leo, chai ikiwa bado ya moto.

Ile pistoni yenye tundu haiuzwi. Msinitumie meseji.